Bibi Harusi Kwenye Keria

Siku zile tulikuwa watatu tuliojiita waendesha baiskeli. Wengine wote waliokuwa na baiskeli kati ya Ruiru na Thika tuliwaona ni abiria tu. Mimi nilikuwa karani mdogo katika shamba moja la kahawa. Wa pili alikuwa fundi cherehani aliyeshona kwenye baraza la duka pale Ruiru, mtu mwembamba ambaye hata mashati aliyojishonea mwenyewe yalimning'inia kama ameyaazima. Wa tatu, ambaye ndiye mwenye harusi hii, alikuwa tarishi wa shamba letu. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua za meneja kwa mameneja wa mashamba mengine, na kwa kuwa ilimpandisha na kumteremsha vilima tangu asubuhi mpaka jioni, alikuwa ameamua kwamba Mungu alimuumba kwa kazi hiyo na kwamba sisi wengine tuliumbwa ili tumtazame.

Baiskeli zetu zilikuwa za chuma kizito cheusi, hazina gia za kubadilisha, na breki zake zilikuwa za fimbo, ambazo zilishika vizuri sana mahali ambapo hapakuwa na haja ya kushika. Tulikuwa na sheria zetu. Barabara kuu ilikuwa ya wavivu, wagonjwa na makarani wa Nairobi. Kushuka baiskeli wakati wa kupanda mlima na kuisukuma tulikuita kuchunga baiskeli, na aliyeonekana akichunga alichekwa mpaka Jumapili iliyofuata. Tuliongea habari za kokoto na makona kama wazee wanavyoongea habari za ng'ombe, na wake za watu walitukimbia.

Nchi yenyewe imekaa hivi. Kutoka milimani migongo ya ardhi inateremka sambamba kuelekea Thika na Ruiru, na kila baada ya mgongo kuna mto. Ukifuata mgongo kwenda chini, safari ni nyepesi, hata mtoto ataiweza. Lakini ukitaka kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine, unateremka mpaka mtoni kama jiwe lililotupwa, kisha unapanda ng'ambo ya pili, na ukifika juu unauona mto mwingine unakungoja. Barabara zake zilikuwa za changarawe iliyomwagwa juu ya udongo mwekundu. Mvua ikinyesha zilikuwa sabuni, na jua likiwaka changarawe iliviringika chini ya matairi kama mahindi makavu kwenye sakafu. Njia hizo ndizo tulizozipenda. Kwa nini, sikuwahi kumweleza mtu akaelewa.

Tarishi alimpata mchumba hapo Ruiru. Msichana alikuwa anakaa na shangazi yake katika nyumba za wafanyakazi wa shamba, akichuma kahawa, ingawa huko kwao upande wa Gatanga alikuwa amefundisha watoto kusoma kabla serikali haijafunga shule yao na kanisa lao kwa pamoja. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tarishi akadhani ukimya ule ni wa kumstaajabia. Wakakubaliana. Wazee wakaenda ukweni kwa gari la mfanyabiashara mmoja, kupitia Thika, na tarishi aliyepakiwa nyuma hakusema neno njia nzima, kwa aibu ya kuonekana amebebwa.

Ikapangwa kwamba msichana arudi kwao pamoja na shangazi yake, atolewe nyumbani kwa heshima, na harusi ifungwe katika kanisa la Ruiru, kwa vile la kwao lilikuwa na kufuli la serikali mlangoni. Mfanyabiashara akajitolea kuleta gari lake tena. Njia ilikuwa wazi kwa kila mwenye akili: mgongo mpaka Thika, barabara kuu mpaka Ruiru, na saa ya chakula watu wangekuwa wanakula. Tarishi akakataa. Alisema bibi yake atambeba yeye mwenyewe, kwenye keria ya baiskeli yake, na hatapita barabara ya wavivu. Atavuka Chania atokee Mang'u, avuke Ndarugu, apande tena, kisha ateremke na mashamba ya kahawa mpaka mlango wa kanisa. Alitaka watu wa migongo yote wasimame milangoni mwao waone bingwa anapita na mali yake.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifikiria, na sisi marafiki zake hodari hatukulifikiria pia. Mara ya mwisho yeye kuzipita njia zile ilikuwa kabla serikali ya mkoloni haijatangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya msituni. Baada ya hapo ikapita miaka ambayo mtu wa Ruiru hakuweza kuvuka mto kumwona mama yake bila karatasi yenye muhuri. Sasa masharti yalikuwa yamelegezwa, karatasi zikipatikana bila kutukanwa sana, na tarishi alidhani kwamba barabara nazo zilikuwa zimekaa pale pale zikimngoja.

Tulipanda Gatanga siku iliyotangulia, kupitia Thika kwa udhuru wa kuchukua keki, tukalala ukweni, na asubuhi tukapanga mizigo. Bibi harusi angekaa kwenye keria ya bwana harusi, juu ya mto uliofumwa kwa uzi wa rangi. Suti ya bwana harusi ilifungwa kwa magazeti, ikakazwa kwenye usukani wake. Fundi, ambaye ndiye aliyeshona gauni, alipewa sanduku lenye gauni hilo na viatu vyeupe, akalifunga mbele, na nyuma akapewa shangazi. Mimi nilipewa keki. Ilikuwa ya ghorofa mbili, kutoka kwa mwoka mikate Mhindi wa Thika, na ilikuwa imepandishwa mpaka Gatanga kwa ajili ya mama wa msichana, ambaye kwa desturi yao hakuandamana na binti yake kanisani lakini alitaka kuiona. Akaiona. Akauliza kama inaliwa.

Shangazi alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini, aliyewahi kumnyamazisha mnyapara wa shamba kwa kumtazama tu. Alimzunguka fundi mara moja kama mtu anayenunua punda.

"Kijana," akamwuliza, "umekula leo?"

Fundi akasema amekula. Shangazi akasema haonekani, lakini akapanda.

Kwa kuteremka kwenda Chania tulikuwa na ujuzi wetu. Kwa kuwa breki haziaminiki, unakata tawi kubwa lenye majani, unalifunga nyuma ya baiskeli, likiburutika linakupunguzia kasi. Mimi na fundi tulifunga matawi. Bwana harusi akasema hawezi kumwoa mtu huku anavuta kuni. Akatangulia, bibi harusi amekaa upande, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na kilemba chake kikawa kinatuonyesha njia kwa muda mfupi sana. Kwenye kona ya pili breki zikamwambia kwaheri. Tulipofika tukawakuta ndani ya shamba la viazi vitamu la mtu, baiskeli imelala juu yao magurudumu yakizunguka. Bwana harusi alikuwa anaeleza kwamba hiyo ndiyo namna ya kuanguka, kwamba mtu asiyejua angeumia. Msichana alijipangusa majani, akaokota kilemba, akasema ahsante.

Daraja la Chania lilikuwepo. Kutoka hapo barabara inapanda kwenda Mang'u, na huo ulikuwa mlima ambao zamani bwana harusi aliupanda bila kushuka, habari ambayo tulikuwa tumeisikia mara nyingi kuliko sala ya jioni. Akataka aupande na bibi harusi akiwa nyuma. Alipanda kwa kukata huku na huku, kutoka ukingo hadi ukingo, kama mtu anayetafuta sindano barabarani, shingo imevimba, na kila kokoto lililochomoka chini ya tairi lilimrudisha nyuma kidogo. Shangazi alikuwa ameshashuka kwenye keria ya fundi kwa kumhurumia, anatembea, na akawa anampita bwana harusi. Alimpita mara moja, akasimama kumngoja, akampita tena. Mwishowe msichana akashuka mwenyewe, na baiskeli ikaruka mbele kwa furaha.

Huko juu ndiko tulikotazamia watazamaji. Tulijua boma za mgongo ule, moja kando ya nyingine, zenye mbwa na watoto. Hapakuwa na boma hata moja. Palikuwa na migomba iliyoota ovyo mahali nyumba zilipokuwa zimesimama, na mawe ya mafiga bado yako matatu matatu katikati ya majani. Watu wote walikuwa wamehamishiwa kwenye kijiji kimoja mbele, nyuma ya handaki lenye miti iliyochongwa, na muda ule walikuwa wametolewa kwenda kwenye kazi ya lazima. Bwana harusi alipiga kengele ya baiskeli kwa mazoea. Msichana alimwomba anyamaze, na akanyamaza.

Mtazamaji wetu akawa mmoja tu, homugadi, mlinzi mwenyeji aliyepewa silaha na serikali, aliyekuwa na zamu penye lango la kijiji, ana bunduki na kofia iliyomzidi kichwa. Alikagua karatasi zetu zote, akazigeuza, akazikagua upande usio na maandishi. Zilikuwa sawa, na jambo hilo lilimsikitisha. Kisha akauliza nimebeba nini kwenye boksi. Nikasema keki ya harusi. Akaniambia nifungue.

Hakuwa amewahi kuona kitu kama kile. Akauliza ni nani atakula chokaa. Nikamwambia ni sukari. Akachomoa kisu chake, akakididimiza kwenye ghorofa ya chini mpaka mpini ukagusa sukari, akakivuta, akakitazama kwa makini, akakilamba. Akasimama akifikiri. Kisha, kwa usalama wa nchi, akachoma na upande wa pili.

"Umepata bunduki?" shangazi akamwuliza.

"Bado," akasema homugadi, na akachoma ghorofa ya juu.

Sisi wanaume watatu, mabingwa wa milima, tulitazama matairi yetu. Miaka ile ilikuwa imetufundisha kutazama matairi. Alipotosheka akatupungia mkono tupite, na bwana harusi, ili aonekane bado ni mtu, akamwomba msichana apande keria mbele ya yule askari. Akapanda. Alishuka tena tulipopinda kona.

Baada ya hapo mgongo ni tambarare kidogo, na kwa muda tuliendesha vizuri, wote tumepanda, upepo unatoka mbele, na hata shangazi akasema kwamba ingekuwa hivi tangu mwanzo asingelalamika. Hakuwa amelalamika. Kisha tukafika pale barabara inapokatika kwenda Ndarugu.

Sikuiita barabara nilipoiona. Mvua za miaka ambayo hakuna aliyepita wala kutengeneza zilikuwa zimechimba mifereji katikati, mingine ya kumficha mbuzi, na changarawe yote ilikuwa imekusanyika chini kwenye makona. Ng'ambo tuliona njia inapanda, nyekundu, imesimama kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Bwana harusi alitabasamu. Nililijua tabasamu lile. Alianza kueleza upande gani wa mfereji atashika, wapi ataachia breki, ingawa breki hakuwa nazo.

Msichana alitazama chini kwa muda. Kisha akamwuliza kama baada ya ule mlima wa ng'ambo kuna mwingine. Bwana harusi akamwambia kwa furaha kwamba upo, tena mzuri zaidi.

"Basi wewe pita," akasema msichana. "Tutaonana kanisani."

Bwana harusi akacheka, akidhani ni mzaha. Msichana akamgeukia fundi, akamwambia kwa adabu, "Niletee sanduku langu." Fundi akafungua kamba haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifungua kitu. Shangazi akaliweka sanduku kichwani, na wanawake wawili wakashika mgongo kuelekea chini, kwa miguu, bila kugeuka nyuma. Bwana harusi alimwita mara moja. Nadhani sote tulitaka kuwafuata. Lakini alisema kwamba mtu wa baiskeli harudi nyuma, nasi, ambao tulikuwa tumesema upuuzi huo kwa miaka, hatukujua namna ya kuukana kwa ghafla.

Kuteremka tulikoteremka sikuelezi. Fundi alianguka kwa utaratibu, kila kona mara moja. Huku chini tukakuta kwamba daraja la magogo halipo. Serikali ilikuwa imeling'oa wakati wa vita ili watu wa msituni wasivuke, na haikuwa imeona haja ya kulirudisha kwa ajili ya harusi. Tukavua viatu, tukavining'iniza kwenye usukani, tukabeba baiskeli mabegani. Mimi nilivuka na keki kwanza, kichwani, maji yakifika kiunoni, kisha nikarudia baiskeli. Bwana harusi alivuka kwa mbwembwe, akiruka kutoka jiwe hadi jiwe, na katikati magazeti yakalegea na suti ikashuka mtoni. Alitupa baiskeli, akaifuata suti. Aliipata chini kwenye matete, ikiwa imekunywa Ndarugu nzima.

Mlima wa ng'ambo tuliuchunga. Tulichunga baiskeli wote watatu, miguu ikiteleza, tukivuta kwa usukani kama watu wanaopeleka fahali mnadani. Na hapo ndipo Mungu alipotupa watazamaji. Kando ya njia palikuwa na wanawake wengi waliokuwa wamelazimishwa kuchimba matuta, wameinama na majembe, mnyapara amekaa kivulini. Walituona, wakasimama mmoja baada ya mwingine. Mmoja mzee kidogo akauliza kwa sauti ya pole kama baiskeli zetu zinaugua. Mwingine akamjibu kwamba labda zina mimba. Kicheko kilipanda mlima wote pamoja nasi. Sikuwahi kuona watu wenye taabu namna ile wakicheka kwa raha namna ile, na sioni kwamba tulipata faida nyingine katika safari hiyo.

Bwana harusi hakuvumilia. Akapanda baiskeli, akasimama juu ya pedali, akakanyaga kwa nguvu zake zote, na mnyororo ukakatika. Kwa hiyo sehemu iliyobaki, ile aliyoisifu kuwa nzuri zaidi, alisukumwa na fundi kwenye tambarare, na kwenye miteremko aliachiliwa kama gunia.

Wenzetu walikuwa wamefika zamani. Walitembea na mgongo mpaka wakakuta lori la mananasi linaloenda kiwandani Thika, dereva akawapakia mbele, na Thika wakapanda basi la Ruiru kama watu wote. Bibi harusi alikuwa ameoga, amevaa gauni na viatu vyeupe, amekaa kanisani ananyoosha mikono ya nguo. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mkwe wake tangu nywele mpaka vidole vya miguu, akamwonyesha tangi la maji, akamwambia, "Osha hapo kwanza."

Aliosha uso. Suti hakuweza kuifanya lolote. Aliivaa ikiwa mbichi, nyekundu mpaka magotini, na kila alipopiga hatua kuelekea madhabahuni viatu vyake vilitoa sauti ya chura. Mchungaji, ambaye alikuwa amekaribia kuahirisha, aliharakisha ibada. Bwana harusi alipoulizwa, aliitikia kwa sauti ya kusikika barabarani. Msichana alipoulizwa, alinyamaza. Alinyamaza mpaka watu wakaanza kutazamana, na mimi nikaanza kufikiria namna ya kuirudisha keki Gatanga. Kisha akamwomba mchungaji ruhusa ya kumwuliza bwana harusi jambo moja. Mchungaji akaduwaa, akakubali.

"Tukitoka hapa kwenda nyumbani," akamwuliza, "tunapita njia gani?"

Nyumbani kulikuwa mwendo mdogo tu, lakini kulikuwa na njia mbili, na kanisa zima liliijua ile ya kilimani. Bwana harusi alitazama viatu vyake.

"Barabara kuu," akasema.

Naye msichana akaitikia ndiyo.

Keki tuliiweka mezani, tukaziba matundu kwa maua ya kahawa. Wageni walisema haijawahi kuonekana keki ya namna hiyo, nayo ilikuwa kweli. Mwoka mikate, aliyekuwa amealikwa, aliizunguka meza kwa huzuni na hakuuliza. Fundi alilala siku nyingi kwa ajili ya mgongo wake na alipoamka akanunua cherehani ya pili badala ya tairi. Mimi niliendelea na vilima kwa muda, peke yangu, ambapo mtu anaweza kuchunga bila kuonekana.

Bwana harusi aliwahi kunialika kwake baadaye, watoto wao wakiwa tayari na akili ya kusikiliza, na nikamkuta anawasimulia. Katika hadithi yake daraja la Ndarugu lilikuwepo, homugadi alipiga saluti, watu walijaa migongoni wakipiga vigelegele, na alipanda mlima wa mwisho bila kushuka, mama yao akiwa nyuma kwenye keria anaimba. Mkewe alikuwa pale pale anamenya viazi. Nilimtazama nione atasema nini. Alimwuliza kwa upole alikuwa anaimba wimbo gani. Bwana akafikiri kidogo, akataja mmoja wa kitabu cha kanisa.

"Ni wimbo mzuri," mkewe akasema, akachukua kiazi kingine.